Mguu Juu ya Breki

Gari la marehemu mume wangu lilianza kutetemeka muda mfupi baada ya kumzika. Halikutetemeka ovyo. Kwenye tambarare, kutoka nyumbani hadi soko la Kikuubo mjini, ninakouza vyombo vya plastiki kwa jumla, lilikwenda kwa adabu zake zote. Lakini tukiuteremka mlima wa Kasubi kurudi nyumbani, kule chini upande wa Kawempe, nikikanyaga breki kitu kilianza kugonga chini ya wayo wangu. Du, du, du. Kilipanda mguuni, kikaja mikononi kupitia usukani, na kioo kidogo cha kutazamia nyuma kikatikisika hadi nikajiona humo nikiwa na nyuso mbili.

Nilijiambia ni uzee. Lile gari limekula chumvi nyingi, lilikuwa limeshachoka hata kabla ya mume wangu kulinunua. Mimi ni Mkenya niliyekulia kanisani, na mambo ya mizimu huwa nayacheka waziwazi, tena mbele ya wanaoyaamini.

Tuliokuwa tumebaki nyumbani ni mimi na mama mkwe. Ni mjane wa mwanajeshi, mtu wa kaskazini, na maisha yake yote ya ndoa aliyaishi kambini. Ndiko alikojifunzia Kiswahili, na ndicho tunachoongea, maana Kiacholi changu hakivuki salamu. Kila wiki nilimpeleka kliniki ya presha, ng'ambo ya mlima. Mara ya kwanza gari lilipotetemeka naye akiwa amekaa mbele, mimi niliruka. Yeye hakushtuka hata kidogo. Alinyoosha mkono akaweka kiganja juu ya dashibodi, vile mtu anavyomgusa mtoto kifuani kujua kama ana homa.

"Iko hapa," akasema.

"Nini, mama?"

"Mutoto yangu. Anapita hapa."

Nilicheka, lakini kicheko kilikatika njiani.

Kuanzia siku hiyo hakutaka gari lingine lolote. Hakutaka teksi, hakutaka lifti ya jirani, na gereji alinikataza kabisa. Kila tulipofika pale juu aliweka kiganja chake mapema na kungoja, na breki zilipoanza kugonga alisema naye kwa Kiacholi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia habari za nyumbani. Wakati mwingine alinyamaza katikati, akasikiliza, kisha akaitikia. Mimi nilitazama barabara na kuomba kimoyomoyo. Niliogopa, sina haja ya kuficha. Niliogopa zaidi siku nilipogundua kwamba ninayangoja mapigo yale kama yeye.

Halafu siku moja ya mvua lori la matoke lilisimama ghafla mbele yetu pale mteremkoni. Nilikanyaga kwa nguvu zote. Gari zima lilitikisika, usukani ukanipiga vidole, na tukaenda, tukaenda, hadi boneti ikasimama karibu kabisa na mikungu ya ndizi. Mama alikuwa ameshikilia dashibodi kwa mikono yote miwili na midomo yake ilikuwa myeupe. Hapo ndipo nilipokata shauri. Nikilitengeneza, nitakuwa nimemnyang'anya mwanawe mara ya pili. Nisipolitengeneza, nitamzika na yeye.

Asubuhi yake nililipeleka gereji, Kawempe, bila kumwambia.

Fundi alikuwa Muganda mwenye maneno mengi. Aliniuliza linatetemeka lini, nikamwambia. Akaendesha mwenyewe, mimi nikiwa pembeni. Alikwenda kasi bila kugusa breki: kimya. Akavuta breki ya mkono taratibu: kimya vilevile.

"Nnyabo, hapana taili," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Taili mbaya inatingisika hata bila breki. Na nyuma iko sawa. Shida iko mbere."

Tukaenda mlimani. Mara mbili za kwanza alipokanyaga gari lilitulia, nikaona aibu kama mgonjwa aliyepona mlangoni kwa daktari. Ya tatu, chuma kikiwa kimeshapata moto, likaanza. Du, du, du. Fundi aliacha maneno yake yote. Alinitazama mara moja, akatazama kiti cha nyuma, kisha akageuza gari kurudi gereji.

Alifungua gurudumu la mbele, akaifunga diski tupu, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi za breki, kwa nati zake, akafunga kipande cha waya pembeni kiasi kwamba ncha yake inakaribia diski bila kuigusa. Kisha akaizungusha kwa mkono, polepole. Diski ilizunguka bila sauti, halafu tik. Ikazunguka tena, kimya kirefu, halafu tik, mahali palepale. Akanionyesha. Juu ya chuma kinachong'aa palikuwa na doa jeusi lenye rangi ya buluu pembezoni, na umbo lake lilikuwa umbo kamili la pedi ya breki.

"Mutu alikuwa anateremka mlima, breki inakuwa moto sana," akasema. "Anafika mahali, anasimama, lakini mguu haondoi. Anakaa tu. Pedi inaacha alama. Kesho tena, kesho tena. Alama inakula joto, inakuwa kubwa. Nani alikuwa anakaa hivyo?"

Nilimjua. Mume wangu alikuwa polisi, na hakuwahi kupiga honi langoni kwake hata siku moja. Kila aliporudi kazini aliuteremka mlima, akasimama mbele ya lango letu, akakaa ndani ya gari. Mimi nikiwa jikoni niliuona ukuta wa jirani, ng'ambo ya barabara, ukigeuka mwekundu kwa taa zake za breki. Uwekundu ule ulikaa pale muda mrefu, hauongezeki wala haupungui, nami nikasonya nikaenda kumfungulia bwana mkubwa asiyeweza kushuka. Nilimkuta ameshika usukani, anaitazama nyumba. Miaka yote ya ndoa niliamini ni majivuno ya kazi.

Diski zilikuwa zimeliwa sana, hazingechongeka. Fundi alitaka nimwachie gari hadi kesho atafute nyingine. Nilirudi nyumbani kwa bodaboda.

Jioni ile nilikuwa nakata sukuma wiki, giza likianza kuingia, nilipoinua macho na kuuona ukuta wa jirani umekuwa mwekundu.

Uwekundu haukupita. Ulikaa, umetulia, kama ulivyokuwa ukikaa. Miguu yangu ilikwenda yenyewe hadi langoni, na nilikuwa nimeshavuta komeo kabla sijakumbuka kwamba gari liko Kawempe na mwenye gari yuko kaburini. Nilifungua. Barabara ilikuwa tupu. Ukuta ulikuwa na rangi yake ya siku zote, chokaa na matope. Huenda ni bodaboda iliyosimama ikaondoka, sijui. Ila palikuwa na harufu, na harufu ya breki za moto naijua kama ninavyoijua sabuni yangu.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na shuka lake begani.

"Nimelipeleka gereji, mama," nikasema. Nililia, na nililia vibaya. Nikamweleza kila kitu, doa, mlima, ule mguu usioondoka.

Hakunigombeza. Alikaa kwenye ngazi.

"Kule kambi," akasema, "sisi wanawake tulisema, mutu ya bunduki asiingie nyumba na roho ya moto. Baba yake nilimuambia, kaa inje kwanza. Roho ipoe. Ikipoa, unaingia kwa watoto. Huyu alikuwa mudogo, anaona baba yake anakaa inje. Mimi nilimufundisha." Akafikiri kidogo. "Wewe alikupiga?"

"Hapana, mama. Hata siku moja."

"Eh," akasema, akaingia ndani.

Kesho yake tulikwenda wote wawili kuchukua gari. Aliomba diski ya zamani, akapitisha kidole juu ya doa mara kadhaa, halafu akamrudishia fundi. Fundi aliniusia kwa ukali: hizi ni mpya, pedi ni mpya, nipige breki kidogokidogo njiani bila kusimama kabisa, na zikiwa moto nisije nikakanyaga nikakaa. Nivute breki ya mkono, niondoe mguu.

"La sivyo itashika alama tena, nnyabo."

Hatukwenda nyumbani moja kwa moja; tuliupanda mlima kwanza, tukafika juu ya Kasubi. Mama aliweka kiganja chake juu ya dashibodi mapema, kama kawaida. Nikakanyaga. Gari lilipunguza mwendo laini kabisa, na kioo kilinionyesha uso mmoja. Nikakanyaga tena katikati ya mteremko, na tena karibu na chini. Hakuna kitu. Mama alingoja hadi barabara iliponyooka, kisha akauondoa mkono na kuuweka mapajani, juu ya mwingine, na sikuweza kumtazama.

Tukafika langoni. Nilisimamisha gari. Harufu ya moto ilikuwa imeanza kupanda kutoka magurudumu, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye breki ya mkono. Jioni ilikuwa imeingia. Ndani ya kioo niliuona ukuta wa jirani nyuma yetu, mwekundu wote.

"Kaa kwanza," akasema mama mkwe.

Nikautoa mkono kwenye breki, nikaiweka mikono yote miwili juu ya usukani, nikaitazama nyumba. Mguu sikuuondoa.