Kupatana Bei ya Darasa

Husemwa hesabu ni ile ile dunia nzima. Anayesema hivyo hajawahi kupeleka mtoto shule Kakuma.

Mwezi wa kwanza 2013 nilikuwa nachukua samaki wakavu Kalokol, napitia Lodwar, nauza kambini kwa wakimbizi. Meza iliyopakana na yangu ilikuwa ya mama Mkongo, muuza vitenge. Binti yake alikuwa na miaka kumi na minne, na kwao alishafika mwaka wa sita, ambao ndio wa mwisho shule ya msingi. Hapa shule ikampa mtihani wa hesabu, ikamtupa darasa la nne.

"Dada, weye unajua Kingereza," mama yake aliniambia. "Twende wote. Mutoto anasema heri auze vitenge kuliko kukaa na batoto badogo."

La nne mpaka la nane ni miaka mitano. Nikahesabu tena kwa vidole: mitano. Angemaliza msingi akikaribia kumi na tisa.

Ofisini shuleni, mwalimu alituonyesha karatasi ya binti. Hesabu za kugawanya zote zilikuwa zimepigwa mkasi mwekundu wa kosa. Nikachukua moja: 3384 kugawanya kwa 24. Jibu lake, 141. Nikazidisha kurudi nyuma, mara mbili. Sawa kabisa.

"Mwalimu, mbona hii umekata?"

"Jibu ni sawa, mama. Njia iko wapi? Nambari ya kugawia ameiweka kulia, sisi huweka kushoto. Kutoa hajaonyesha popote. Ametoa kichwani, ama kwa karatasi ya jirani?"

Binti akainua uso. "Kwetu ukiandika ile ya kutoa, mwalimu anakucheka. Anasema ungali mutoto wa mwaka wa tatu."

Basi kwao kuandika ni utoto, kwetu kutoandika ni wizi, na mtoto ni huyo huyo. Hapo ndipo ningepaswa kusema: mpe hesabu nyingine, afanye mbele ya macho yako. Lakini ulimi wangu umelelewa sokoni.

"La saba, mwalimu."

"La nne."

"La saba! Huyu akisimama kwa meza yangu kupiga hesabu nitafilisika?"

Akacheka. "Haya, la tano. Ni kwa sababu umetembea kwa jua."

"La sita, tumalize."

"La sita." Akaandika. Nikampa mkono, nikatoka nimejaa sifa, mama mtu akinishukuru njia nzima hadi langoni.

Binti hakushukuru. Alinigeukia mimi. "Mama, kama sijui, kwa nini amenipandisha mbili? Na kama najua, mbona si la saba?"

Niligeuka, nikarudi ofisini karibu nikikimbia, yeye nyuma yangu. Mwalimu alikuwa bado na kalamu mkononi.

"Mwalimu, mpe hesabu nyingine sasa hivi. Hapa hapa."

Alinitazama kama mimi ninavyomtazama mteja anayerudisha samaki aliyekwisha kufungwa.

"Mama, si tulishapatana?"

Nilipiga kelele mpaka madarasa yakanyamaza. Haikusaidia. Jumatatu binti aliingia la sita, na mwaka mzima ule akaandika kila kutoa, mstari kwa mstari, hata kumi toa tano, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.