Injini ya Lori Ndani ya Jipu

Tangu asubuhi Mzee Luvsan alikuwa gereji, akitazama gari lake kuukuu la Kirusi, aina ya jipu, likifungwa injini ya dizeli iliyotolewa kwenye lori la marehemu mwanawe.

"Kigari chako kizee sasa kitapanda mlima kama mbuzi," fundi Ochir alimtania. "Mama nyumbani atafurahi."

"Sijamwambia."

Fundi akainamia nati zake.

Baridi ilikuwa inakaribia, na bila gari wasingeweza kuhamisha hema kwenda malisho ya kipupwe. Lakini miaka yote mkewe, Khanda, alipousikia muungurumo wa lori lile kwa mbali, aliinjika chai ya maziwa na kusema, "Mwanangu huyo." Kwa hiyo Luvsan alipofika nyuma ya kilima cha mwisho alizima injini, akateremka, akaenda nyumbani kwa miguu.

Khanda alikuwa mlangoni. Ndani chai ilikuwa inachemka.

"Nimeisikia tangu ulipokuwa mtoni," alisema. "Mbona umeizima, baba?"

"Niliogopa."

"Hata mimi naogopa. Nenda kailete."

Luvsan akarudi kilimani. Alipotokeza na jipu likiunguruma, Khanda alikuwa amesimama nje, pale pale alipozoea kumpokea kijana wake.