Baba Mkwe Mbele, Mkamwana Nyuma

Safari hii ilianzishwa na barua ya ukurasa mmoja. Aliyeiandika ni Lugano, mkulima wa Masoko wilayani Rungwe, na Zubeda alinisomea mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilidhani ananitania. "Mke wangu Sekela haoni tangu alipougua surua utotoni," ilisema, "lakini kwa mbio hakuna mwanamke hapa anayemfikia. Njooni mumpime."

Chama chetu cha michezo ya wasioona kilikuwa na umri wa mwaka mmoja na chumba kimoja nyuma ya duka la vyombo, Magomeni. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anafungua kitu: huyu kioski, yule saluni, sisi chama. Mimi, ambaye sioni tangu kuzaliwa, nilikuwa mwenyekiti na katibu, na wengi waliniita Mwalimu. Zubeda, mwenye macho, alikuwa mambo mengine yote. Tulikuwa tunaandaa mashindano yetu ya kwanza ya taifa, orodha ilikuwa inafungwa wiki ile, na kutoka mkoa mzima wa Mbeya hatukuwa na jina hata moja. Kanuni nilizoziandika mwenyewe zilisema kwamba mkimbiaji lazima apimwe mbele ya mwenyekiti, na kwamba asiyeona hukimbia na mwongozaji, wameshika pamoja kamba fupi.

"Mwenyekiti atapima kwa macho gani?" Zubeda aliuliza.

Nilimwambia asisahau saa ya kupimia mbio.

Alfajiri ya Jumanne tulipanda basi Kisutu. Zubeda ana kipaji cha kusimulia mandhari kwa neno moja. Morogoro alisema, "Milima." Iringa alisema, "Baridi," jambo ambalo hata mimi nililigundua. Mikumi abiria mmoja alipiga kelele kwamba kuna tembo upande wa kulia, nami kwa adabu nikageuza uso upande huo. Zubeda akaninong'oneza kwamba tembo wako kushoto, yule abiria ndiye hajui kulia kwake.

Jumatano mchana tuliingia Tukuyu na mvua, au tuseme mvua ilituruhusu tuingie. Tulifikia Bagamoyo. Msishtuke, ni kata ya mjini pale. Nilipoambiwa jina nilivuta pumzi kutafuta harufu ya chumvi, nikapata ya moshi wa kuni na matope. Mwenyeji wetu alikuwa mjomba wake Zubeda, fundi cherehani ambaye babu yake alitoka pwani.

"Mjomba, mvua hapa huanza lini?" nilimuuliza.

"Hapa hatuulizi itaanza lini, mwanangu. Tunauliza itapumzika lini."

Aliniazima koti zito la mitumba, nami nikalivaa siku zote nilizokuwa huko. Zubeda alisubiri mpaka tumerudi Dar es Salaam ndipo akaniambia kwamba lilikuwa la kike, tena la rangi ya waridi.

Alhamisi saa nne tulikuwa kwenye uwanja wa shule huko Masoko. Kwa kelele nilikisia kwamba mashamba yote ya migomba yamebaki bila watu. Lugano alitupokea kwa mikono miwili, akamleta mkewe. Sekela alisalimia kwa sauti ndogo sana, nikajiuliza kama kweli mtu mwenye sauti ile ana mapafu ya mbio.

"Nani hukufundisha?" nilimuuliza.

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Si baba mkwe wake? Ndiye hutangulia kila siku. Yule kule, chini ya mlingoti wa goli."

Nilifurahi mno. Mwongozaji tayari, tena wa ukoo! Nikainua kamba yangu juu na kupaza ile sauti yangu ya mikutano. "Mzee na aje hapa katikati! Aje ashike kamba hii na mkamwana wake, tuwaone wanavyokimbia bega kwa bega!"

Kisha nikasikia miguu ya Sekela ikienda zake upande wa migomba, na kwa mbali, upande mwingine kabisa, baiskeli ikikokotwa haraka. Halafu watu wakaanza kucheka, ule mcheko wa kuziba mdomo.

"Mwalimu," Lugano alisema taratibu, "kwetu hapa mwanamke na baba mkwe wake hawakaribiani. Hawatazamani, hawasemezani, hawapiti njia moja wakakutana. Ni heshima. Siku hizi wengi wameacha, lakini baba yangu hajaacha."

Alinieleza kwamba alipomwoa Sekela, miaka minne nyuma, kijiji kilibishana kwa wiki nzima. Mchungaji alisema asiyeona hana haja ya kujificha, kwani atamtazamaje mkwewe? Bibi mmoja akamjibu mchungaji, "Yeye hamwoni mzee, lakini mzee anamwona." Hapo mzee akaamua mwenyewe: kama mkamwana hawezi kumkwepa, yeye ndiye atakayekwepa, na atapiga kengele ya baiskeli kila apitapo ili binti wa watu ajue aliko.

Saa sita Lugano alirudi kutoka nyumbani kwake na habari mbaya. Sekela hatakimbia. Alisema ametiwa aibu mbele ya kijiji kizima, na hatakanyaga tena uwanja ule. Basi letu lilikuwa la Jumamosi, na bila kupimwa jina lake lisingeingia. Nilijisikia vibaya kwelikweli. Nimetumia maisha yangu kulalamika kwamba watu hutuburuta wasioona huku na huku bila kutuuliza, na sasa mwenyekiti mzima nimefanya yale yale, kamba mkononi.

Saa tisa alasiri Lugano alitupeleka kwa baba yake, Mzee Anyosisye, aliyekuwa akiishi kilima cha pili. Njiani alinifundisha maneno mawili ya salamu ya Kinyakyusa.

"Mugonile, tata," nilisema mlangoni.

"Ndaga," aliitikia mzee. Alituketisha, akatuletea ndizi za kuchemsha na chai ya rangi. Nilikuwa nimesikia kwamba mzee huuza maziwa, nikasema moyoni kwamba kweli fundi viatu hutembea pekupeku.

"Nimekosa, mzee wangu," nilianza. "Sikujua. Na tena sioni."

"Yule naye haoni," akajibu, "na hajanikosea hata siku moja."

Zubeda alikohoa kuficha kicheko. Nilimeza ndizi bila kuitafuna.

"Na mimi si mwalimu wa mbio," mzee aliendelea. "Sikiliza. Kila alfajiri napeleka maziwa barabara kuu kwa baiskeli. Yeye kila alfajiri huenda kwa mama yake, ni mgonjwa, anakaa kule njia panda. Mwanzo akisikia kengele alikuwa anasimama mpaka nipite. Kumbe akagundua kwamba ninapopita mimi hapana jiwe wala shimo. Akaanza kunifuata. Mimi nikaona, eh, mkamwana anakaribia! Nikaongeza mwendo. Na yeye akaongeza. Nikakanyaga pedali kwa nguvu zote, naye huyo! Mwalimu, mimi sikuwa namfundisha. Nilikuwa namkimbia!"

Tulicheka mpaka mke wa mzee akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mzee alipotulia akauliza, "Hiyo kamba yenu ina urefu gani?"

"Mkono mmoja."

"Ingekuwa ya hatua thelathini ningeishika."

Zubeda akaniinamia sikioni. "Kanuni ya kamba aliiandika nani?"

"Mimi."

"Basi na kalamu unayo."

Niliwaza kidogo, kwa sababu kanuni zile zilinipendeza sana zilipochapwa kwa mashine. Kisha nikamwambia Zubeda aandike palepale, kwenye karatasi iliyokuwa mapajani mwake, kwamba mwongozaji anaweza pia kutangulia kwa sauti. Lugano aliipeleka habari kwa mkewe: hakuna uwanja, hakuna kamba, hakuna watu. Ni njia yake tu, na kengele yake.

Ijumaa alfajiri tulisimama njia panda, mimi na Zubeda, katika manyunyu. Lugano alikuwa ameihesabu njia yote kwa hatua, na kengele ya kwanza ndiyo ingeanzisha saa. Kengele ilianza mbali, kring, kimya, kring. Halafu nikasikia videbe vya maziwa vya bati vikigongana kwenye kiti cha nyuma, na baiskeli ikatupita kwa kasi ya mwizi. Nyuma yake, kama hatua thelathini, ikaja miguu. Nimesikiliza wakimbiaji wengi. Wengi wetu hukanyaga kwa mashaka, kama mtu anayeingia chumba cha mgeni. Sekela alikanyaga kama mtu anayejua kwamba ardhi ipo. Machozi yalinitoka, na sioni sababu ya kusingizia manyunyu.

Zubeda aliitazama saa yake. "Mwalimu," alisema, "ama hii saa imeharibika, ama tumepata mkimbiaji."

Sekela alirudi akihema. "Nimepita, mwalimu?"

"Umepita."

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Aliye mbele. Nyie mna viwanja, lakini njia anayo yeye. Bila yeye siendi."

Mzee, aliyekuwa amesimama na baiskeli yake kule mbele, bila shaka alisikia. Akapiga kengele mara moja, akaenda zake, nasi tukalala usiku ule bila kujua kama tuna mkimbiaji au hatuna.

Jumamosi asubuhi, stendi ya Tukuyu, Zubeda alisema neno lake moja: "Baiskeli." Utingo alikuwa akiifunga juu ya basi pamoja na videbe vyake, mzee akimfokea asiikwaruze.

Niseme mapema ili msiniulize: Sekela alishika nafasi ya pili, na mzee aliwalaumu wenye uwanja wa Dar es Salaam kwa kuujenga duara, eti mtu anachoka bure halafu anarudi alipotoka. Lakini mimi ninachokumbuka zaidi ni basi lile. Mzee alikaa kiti cha mbele kabisa, Sekela na Zubeda kiti cha nyuma kabisa, na mimi katikati, kwa sababu mtu wa kupeleka maneno alihitajika.

"Mwambie ajifunge shingo, Uyole pana baridi," mzee alisema.

Nikaenda nyuma nikishika viti. "Anasema ujifunge shingo."

"Mwambie nimejifunga."

Abiria wote walisikia. Wao wenyewe pia walisikiana. Kufika Makambako utingo alichoka nami. "Mwalimu, kaa chini bwana, si wanasikiana hao!"

"Wanasikiana," nilimjibu, "lakini hawasemezani." Nikaendelea na kazi, nikakanyaga kuku wa mtu mara mbili.

Baada ya kushuka Kitonga, wengi wakiwa wamesinzia, Sekela alinivuta mkono. "Mwambie hivi. Videbe vyenye maziwa havigongani vile. Mwambie ninajua tangu mwaka juzi."

Sikuelewa, lakini mjumbe hauulizi ujumbe. Nilifika mbele nikausema. Mzee akanivuta karibu.

"Ng'ombe alikufa mwaka juzi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Sina maziwa mimi. Lakini mzee angetoka alfajiri mikono mitupu, mkamwana wake nyuma, watu wangesema nini? Nikabeba videbe." Akavuta pumzi. "Mwambie tukirudi nitavijaza majani, visipige kelele."

Nilirudi nyuma na ujumbe huo. Safari hii Sekela hakutumia ile sauti yake ndogo.

"Mwambie asithubutu! Kengele huipiga mara mojamoja. Siku za mvua kubwa siisikii kabisa. Mimi hufuata videbe."

Sikuhitaji kwenda. Mbele kabisa mzee alikuwa ameanza kucheka, taratibu, peke yake, na hakunituma tena mpaka Chalinze.

Nilikaa kwenye kiti changu nikiwa na la kufikiri. Kwa miaka mingi nimesimama majukwaani kuwaambia watu kwamba sisi wasioona hatupitwi na sauti. Na Ijumaa ile, njia panda ya Masoko, nilivisikia videbe vile kwa masikio yangu haya mawili, nikadhani ni maziwa.