Gauni la Mama kwenye Simu ya Jirani

Harusi ya dada yangu sikuhudhuria. Nilikuwa hapa Sydney, na zamu za wodini hazikuniachia nafasi. Mpiga video aliiweka harusi nzima kwenye kampuni moja ya mtandaoni ambako kila ukitaka kutazama, unalipa upya. Huruhusiwi kuihifadhi wala kumtumia mtu. Nililalamika, nikalipa, nikamwita jirani yangu Mkongomani hapa mtaani Macquarie Fields tutazame pamoja.

Miezi michache baadaye mama akafariki. Kuanzia hapo nikawa nailipia video ile kila nilipomkumbuka, kwa ajili ya kipande kimoja tu: mama, ndani ya gauni lake la kitenge, akiwabariki maharusi kwa ile sauti yake iliyokuwa kama inakemea hata anapopenda.

Kisha kampuni ikafungwa. Watu walichoka kulipia tena walichokwisha kulipia, na mimi siwalaumu. Nguo ya kuazima haistiri matako. Nilipiga simu nikafoka, na binti mmoja wa huduma kwa wateja akanivumilia kiungwana. Salio langu lilirudi lote. Video ilikuwa imefutwa, na mpiga video hakubakiza nakala.

"Refund imeingia," nilimwambia jirani tukitoka kanisani, "lakini mamangu hawajanirudishia."

Akasimama. "Ile siku tuliangalia kwako, mi nilifilmer na simu yangu robe, ile gauni ya mama yako. Nilitaka nionyeshe couturier wangu ile mikono yake."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Wanawake wetu hupiga video harusini zaidi kwa ajili ya fundi cherehani kuliko maharusi, hata harusi yenyewe ikiwa ndani ya televisheni. Tuliketi garini mwake akaitafuta. Alikuwa amefuata mabega, kiuno na pindo. Uso wa mama uliingia mara moja tu, alipoinama kuwashika maharusi vichwa. Lakini baraka zilikuwamo zote. Nililia, nikamshukuru mpaka akaniambia inatosha, na bado namshukuru.

Akanitumia papo hapo. Nyumbani nikaisikiliza peke yangu, na chini ya sauti ya mama nikamsikia jirani akiuliza, "Huyu ni nani amevaa muzuri hivi?"

Nami, mle mle kwenye video, namjibu, bila haraka yoyote, "Ni mamangu. Nitampigia kesho nimuulize fundi wake."