Udi Chumbani kwa Kanze

Wallahi, sijapata kuukimbia moshi wa udi ila asubuhi ile.

Nilikuwa ukumbini kwangu, mtaani Mjambere, msahafu mapajani. Moshi ulitoka chumbani kwa Kanze, mke wa mwanangu Anwar, mja mzito wa miezi saba. Chini ya udi kulikuwa na uvundo, kama wa samaki aliyesahaulika juani.

Anwar hakuwako. Mwezi mzima alikuwa akilala msikitini, itikafuni, na majirani wakinipongeza kwa kuzaa mcha Mungu.

Kisha nikasikia mtu akiugua.

"Kanze!"

"Abee, baba."

"Una nini?"

Akajibu dada yangu, Bi Mwanakombo, somo wa Kanze aliyemfunda unyumba: "Mambo ya wanawake, kaka. Yakuhusuni? Soma msahafu wako."

"Kwa uvundo huu?"

"Ndiyo namfukiza! Na shabu nimemtia, na maji ya ndimu. Mke hanuki kwa mumewe."

Shabu! Jiwe la kutakasia maji ya kisima, kulitia ndani ya mwili wa mja mzito! Nilitoka nje nikatema mate.

"Baba," Kanze akasema niliporudi, "nina uchungu. Na maji yanatoka."

"Uchungu wa uongo," dada akanena. "Ukenda hospitali na harufu hiyo utatuvua nguo sote."

"Na tuvuliwe!" nikamjibu. "Mpe buibui lake."

Hospitalini, muuguzi Wairimu hakuziba pua.

"Mzee, huu si uchafu. Ni maambukizi ukeni, na yana dawa, hata kwa mwenye mimba. Yakiachwa huweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Kujiosha ndani kwa shabu na ndimu huzidisha. Mbona mmechelewa?"

Mjukuu wangu alizaliwa kabla ya adhuhuri, mdogo kama kinda la njiwa. Wakamtia kwenye mashine ya joto. Anapumua, alhamdulillahi, lakini kwa taabu.

"Anwar yuko mlangoni," nikamwambia Kanze. "Nimwite?"

Akageukia ukutani.

"Asije, baba. Shabu aliileta yeye. Alisema maadamu nanuka, atalala msikitini."

Nikatazama mlangoni. Mcha Mungu wangu, kanzu nyeupe pepe, alikuwa ameziba pua kwa mkono wa kanzu.

Kinyaa cha asubuhi kilinirudia, na safari hii hakikutokana na samaki.

"Nenda zako," nikamwambia. "Anayenuka humu ni wewe."

Enyi waume, mke mwenye mimba akibadilika harufu, akiwashwa, au akitokwa na majimaji asiyoyazoea, mpelekeni kliniki siku hiyo hiyo. Udi fukizieni nguo.