Kadi ya Chanjo ya Mamangu

Mamangu alitaka kitu kimoja tu duniani, aione Makka kabla hajafa. Mwaka ule korona ilipoanza kulegea, kikundi chao cha wanawake wa Mji wa Kale kikapata nafasi ya Umra. Sharti lilikuwa kuchanjwa. Yeye hakuwa na neno. Mwenye neno ni mimi.

Mimi, mjuaji wa mtaa. Nauza viungo karibu na Marikiti, na siku nzima sikio liko kwenye simu, nasikiliza sauti zinazotumwa na watu nisiowajua. Nikaamini kwamba ile sindano inatia alama mwilini, na kwamba kamera za uwanja wa ndege zikikutazama usoni zinaisoma, na tangu hapo kila uendako unajulikana. Msinicheke. Niliwahi kuwekwa chumbani uwanjani tangu asubuhi hadi adhuhuri, naulizwa nasali msikiti gani, na kosa langu halikuwa ila jina. Mtu aliyefanyiwa hayo, ukimwambia wanamfuata hadi kwenye damu, ataamini.

Nikamkatalia katakata. Nikamtafutia kadi kwa bwana mmoja mjini, imeandikwa amechanjwa mara mbili. Mama akaigeuzageuza, akaniuliza kama inafaa kwenda nyumba ya Mungu na karatasi ya uwongo. Nikamwambia mambo hayo aniachie mimi, yeye hayajui. Nilimwambia kwa ukali, Mungu anisamehe.

Wiki nzima akazunguka kuomba radhi, kama ilivyo ada yetu kwa msafiri. Nyumba hadi nyumba, ngazi hadi ngazi, na magoti yale mabovu. Aliomba radhi hata kwa jirani waliyenuniana naye miaka kwa ajili ya maji ya paa. Watu walilia, wakampa majina ya wagonjwa wao akawaombee, akayaandika yote kwenye daftari la shule.

Uwanjani sisi wasindikizaji tulibaki nje. Haukupita muda nikamwona anatoka peke yake, analikokota begi. Wenzake walikuwa wameshapita. Mashine haikulikuta jina lake kwenye orodha ya waliochanjwa, na binti wa mezani alipomuuliza kachanjwa wapi, mama akamwambia kweli, hakuchanjwa. Ningekuwa mimi ningebisha. Yeye alikuwa ameshatia nia ya Umra, hakuweza kusema uwongo.

Garini hakunilaumu. Tulipofika Kibarani ndipo akasema, "Radhi nimeshaziomba kwa watu wote. Sasa nitawaambia nini?"

Aliwaambia karatasi zake zilikuwa na kasoro. Kasoro ya nani, hakusema. Akajifungia ndani, hata arusini hakwenda tena. Nilikuwa nikimpelekea chai chumbani, naona haya kumtazama.

Miezi ikapita. Siku moja akanionyesha kadi nyingine, ya kweli hii. Alikuwa amepanda tuktuk peke yake mpaka zahanati moja huko Tudor, akachanjwa, akarudi tena kwa ya pili, mimi sina habari. Alikuwa akicheka. Kikundi kingine kingeondoka baada ya Maulidi.

Presha yake ya siku nyingi haikungoja. Alianguka jikoni, siku ya tatu akafariki. Daktari alinieleza waziwazi: mshipa wa kichwa umepasuka kwa presha, chanjo haihusiki hata kidogo. Nilimwelewa vizuri sana.

Matangani wanaume, waliokwisha kusikia kwamba alichanjwa nami sikutaka, wakanisogelea, wakaninong'oneza kwamba ni ile sindano, na kwamba mimi nilikuwa na haki kumkataza. Mtoto mwema, wakasema. Nilikuwa na la kuwaambia, na pumzi ya kulisema nilikuwa nayo. Lakini maneno yao yalikuwa matamu, loh. Ikiwa ni chanjo, basi si mimi niliyemkosesha mamangu Makka. Nikaitikia kwa kichwa.

Baadaye nikasikia mmoja wao amemkatalia mamake kuchanjwa, na ushahidi aliompa ni mimi.