Punje za Komamanga

Muuza matunda hapa Guangzhou amenipasulia komamanga nionje. Maji yake mekundu yamenichuruzikia vidoleni, kama siku ile shangazi alipotuletea moja nyumbani.

Dada yangu alikuwa amefariki, na mama hakuwa amegusa jembe tangu mazishi. Shangazi akatusimulia hadithi ya Wagiriki wa kale, ya mungu mama aliyeizuia ardhi isioteshe chochote kwa kuwa binti yake alichukuliwa kuzimu. Huko binti alikula punje za komamanga, na aliyeonja chakula cha kuzimu hufungwa huko, ndiyo maana akaruhusiwa kurudi sehemu tu ya mwaka.

"Aliporudi, mahindi yaliota?" mama aliuliza.

"Yaliota, wifi."

"Wangu harudi." Mama alinitazama kwa muda. "Lakini huyu lazima ale."

Asubuhi tulipanda pamoja, yeye akichimba mashimo, mimi nikidondosha mbegu.